Masizi ya Ekzosi: Petroli Uliyoilipia Inaenda Wapi?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao na wenye magari, madereva, mafundi na wakazi wa Magogoni, Kisauni. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Najua kila dakika dereva anayokaa hapa ni mzigo ambao mwenzake anaubeba, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye shughuli iliyotuleta.

Kwanza niseme kwamba mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwauliza wanaojua kisha kuwafikishia nyinyi kwa lugha ya kueleweka. Basi nilipoambiwa nije nizungumzie masizi meusi yanayoganda kwenye mdomo wa ekzosi ya gari la petroli, nilianza kwa mafundi. Mengi nitakayosema yametoka kwao. Ikiwa fundi aliye hapa ana la kuongeza, ataongeza tukimaliza.

Mtaniuliza kwa nini nimechagua petroli na kuliacha lori la dizeli linalopita likifuka kama tanuri la chokaa. Ni swali la haki. Moshi wa dizeli una masizi mengi zaidi, na sisi wa Mombasa, mji wa bandari, tunaujua vizuri. Lakini lori hilo kila mtu analiona na kila mtu analilalamikia. Gari la petroli halilalamikiwi, kwa sababu moshi wake mara nyingi hauonekani mchana. Linapoharibika, ushahidi wa kwanza huwa ni yale masizi tu. Na hapa Magogoni magari madogo ya mizigo yanayotumia petroli ni mengi: Suzuki Carry, Toyota TownAce, Nissan Vanette na wenzao. Ndiyo yanayotuletea mboga kutoka soko la Kongowea, ndiyo yanayobeba simiti na mitungi ya maji, ndiyo tunayokodi siku ya kuhama nyumba. Yanalala milangoni mwetu na asubuhi yanawashwa chini ya madirisha ya watoto wetu.

Jambo ninalotaka mwondoke nalo ni hili: masizi yale ni petroli ambayo mtu ameilipia na haikuungua sawasawa. Kuna aliyetoa pesa, na kuna mwingine anayeivuta kifuani. Tukijua nani ni nani, tutajua pia kwa nini tatizo hili halitengenezwi.

Tuanze na namna masizi yanavyotokea. Injini ya petroli ni jiko. Jiko la makaa ukilifunika lisipate hewa, linafuka na sufuria inakuwa nyeusi. Ukilipepea, moto unakuwa safi. Injini nayo iko vivyo hivyo, ila hesabu yake ni kali zaidi. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri, inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Tukiipima kwa ujazo, lita moja tu ya petroli inataka zaidi ya lita 9,000 za hewa. Hewa ikipungua, au petroli ikizidi, sehemu ya mafuta inakosa cha kuiunguza. Inatoka kama kaboni, ambayo ndiyo masizi, na kama gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Masizi mnayoyaona ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya hasara inatoka kama gesi msiyoiona.

Sasa nisiwatie hofu bure. Si kila weusi ni ugonjwa. Wazee waliowahi kuendesha miaka ya nyuma watakumbuka kwamba gari zima lilikuwa na mdomo wa ekzosi wa rangi ya majivu, kijivu kilichokaribia weupe. Rangi ile ilitokana na risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwisho wa mwaka 2005 ilikuwa imeondolewa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Ilikuwa hatua kubwa, maana risasi huharibu ubongo wa mtoto. Lakini tangu petroli ikose risasi, ekzosi ya gari zima nayo imekuwa nyeusi kidogo. Pia kuna injini za kisasa zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda; hizo hutoa masizi zaidi hata zikiwa nzima.

Basi utajuaje? Mafundi wamenipa kipimo kisichogharimu hata senti. Subiri injini ipoe, kisha pitisha kidole au kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa ekzosi.

Ukipata vumbi jeusi jepesi, kavu, linalopanguka, na likichukua wiki nyingi kurudi, usihangaike.

Ukipata masizi mazito, makavu, laini kama unga, na ukiyapangusa leo kesho kutwa yamerudi, injini inapewa petroli kuliko hewa yake. Mara nyingi utasikia pia harufu ya petroli mbichi nyuma ya gari, na utaona unapita kituo cha mafuta mara nyingi kuliko zamani.

Ukipata weusi wa mafuta, unaonata kama lami na hautoki bila sabuni, injini inachoma oili. Moshi wake huwa na rangi ya buluu, hasa unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima. Hapo tatizo liko kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na si jambo la filta tena.

Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto ni habari nyingine: maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda. Lakini matone ya maji safi asubuhi ni ya kawaida. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke hupoa kwenye bomba baridi ukawa maji.

Sasa sababu. Nitazitaja kwa mpangilio wa gharama, ya bei nafuu kwanza, kwa sababu wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunaambiwa injini imekufa, tunanunua injini nyingine, kumbe ilikuwa inakosa pumzi tu.

Ya kwanza ni filta ya hewa. Njia nyingi za ndani mitaani ni za mchanga. Wakati wa kiangazi vumbi linajaa kwenye filta mpaka inakuwa kama mkeka. Kwenye injini ya kabureta, filta iliyoziba ni sawa na kulifunika lile jiko. Kwenye injini ya kompyuta athari yake kwa petroli ni ndogo, lakini gari linakosa nguvu na dereva anakanyaga zaidi. Ifungue, itazame dhidi ya jua. Kama huoni mwanga, muda wake umekwisha.

Ya pili ni plagi. Plagi iliyochakaa inatoa cheche dhaifu, na petroli isiyopata cheche nzuri inatoka ilivyoingia. Ukiitoa plagi unaweza kuisoma kama gazeti: ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea, injini iko sawa, ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi, ikiwa nyeusi na imelowa oili, rudi kwa yale niliyosema kuhusu ringi.

Ya tatu ni kabureta, kwa magari ya zamani. Choki ikikwama imefungwa, au boya likiwa limetoboka na halizuii petroli, injini inanyweshwa kwa nguvu. Fundi mzuri anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirekebisha kwa muda mfupi.

Ya nne ni bomba la ekzosi lenyewe, na hii ni ya kwetu sisi watu wa pwani. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Magari ya kompyuta yana sensa ya oksijeni kwenye bomba, inayonusa moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Bomba likitoboka karibu na sensa hiyo, hewa ya nje inaingia. Sensa inanusa hewa nyingi, inadhani petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza petroli. Tundu la ukubwa wa punje ya mchele linaweza kukufilisi, na mchomeleaji angeliziba kabla ya adhuhuri.

Ya tano ni sensa yenyewe kuchoka, au injekta zinazovuja. Hapa ndipo taa ya injini kwenye dashibodi inapowaka. Ndugu zangu, taa ile si pambo. Kuna magari ambayo imewaka mpaka dereva anaona ajabu siku ikizima. Wengine wameifunika kwa karatasi ya gundi. Kuifunika hakulitibu gari, kama vile kufumba macho hakuondoi shimo barabarani.

Ya sita imenishangaza mimi mwenyewe, na ni desturi yetu. Kwa kuwa Mombasa ni joto, watu wengi huamua kuitoa thamostati wakidhani wanaisaidia injini ipoe. Thamostati kazi yake ni kuifanya injini ipate joto lake haraka na kubaki nalo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto. Kompyuta inaona injini bado baridi, kama gari lililowashwa alfajiri, na injini baridi hupewa petroli zaidi. Ongeza hapo safari fupi fupi na msongamano wa kutoka Kongowea, gari linaweza kumaliza siku nzima likidhani ni asubuhi. Kama gari linachemka, tafuta kwa nini rejeta haipozi. Usiondoe kifaa kilichowekwa kwa sababu.

Ya saba ni petroli iliyochanganywa. Mafuta ya taa yakitiwa ndani ya petroli, hayaungui vizuri kwenye injini hiyo. Injini inagonga, inakosa nguvu na inatoa masizi. Uchanganyaji huu ulikuwa umezidi nchini mpaka mwezi Septemba mwaka 2018 serikali kuu ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya anayechanganya. EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, hutia alama ya kikemia kwenye mafuta ili kuwanasa wanaoyachafua. Lakini alama hiyo haiwezi kukulinda ukinunua petroli ya dumu kando ya njia, hata ikiwa imepunguzwa shilingi 20. Nunua kituoni, chukua risiti, na kama gari limeanza kugonga mara tu baada ya kujaza, una pa kuanzia malalamiko yako.

Hizo ndizo sababu. Nyingi hazihitaji pesa kubwa. Mbona basi magari yanaendelea kufuka?

Hili ndilo swali nililokuja nalo, na jibu nimelipata kwa kuwasikiliza madereva. Gari la mizigo mara nyingi lina watu wawili. Yupo tajiri, mwenye gari, ambaye anapokea hesabu kila jioni na ndiye anayelipia matengenezo. Yupo dereva, ambaye anapeleka hesabu, anaweka petroli kutoka kwenye mapato ya siku, na kinachobaki ndicho chake na utingo wake. Gari likianza kunywa petroli kupita kiasi, hasara inamwangukia dereva. Kulitengeneza ni juu ya tajiri. Dereva anaona masizi lakini hana uwezo wa kununua sensa. Tajiri ana uwezo, lakini hesabu yake inafika ile ile, kwa hivyo hana sababu ya kuharakisha. Dereva akisema, anaambiwa anatafuta kisingizio cha kupunguza hesabu. Akinyamaza, anaendelea kuumia.

Tufanye hesabu ya mfano. Pikapu inatumia lita 10 kwa siku. Tuseme lita 1 kati ya hizo 10 inapotea kwa sababu ya mchanganyiko mbaya. Kwa siku 26 za kazi ni lita 26. Tukadirie lita kwa shilingi 180: hizo ni shilingi 4,680 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 56,160. Dereva, hiyo ni karo inayotoka kwenye ekzosi. Nawe tajiri usidhani umepona. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili ya injini, ringi zinasagika, na kile kifaa cha kusafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki kinapata moto kupita kiasi na kuyeyuka. Siku hiyo gari litalala, na hesabu haitakuja kabisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa unauona dereva, ukuta utaujenga wewe.

Ombi langu kwenu ni jepesi. Mkae chini, tajiri na dereva, mkubaliane kuandika. Daftari la shilingi chache linatosha: tarehe, lita zilizowekwa, kilomita zilizokwenda. Mkiandika mwezi mmoja mtajua gari lenu linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Idadi ikishuka, hakuna wa kumlaumu mwenzake kwa maneno, daftari litasema. Dereva hatashukiwa kwamba anaiba, na tajiri hataweza kusema hakuambiwa. Mkikubaliana pia kwamba filta na plagi ni gharama ya gari na zinatolewa kabla ya hesabu kugawanywa, mtakuwa mmemaliza nusu ya tatizo.

Sasa niseme juu ya yule wa tatu, ambaye hapokei hesabu wala hapeleki. Ni jirani. Chembe za masizi ni ndogo mno. Zile zinazotutia wasiwasi zaidi zina upana usiozidi mikroni 2.5, wakati unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Pua haizizuii. Zinateremka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinapenya mpaka kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulichangia vifo vya mapema vya watu milioni 4.2 duniani. Wakala wake wa utafiti wa saratani uliutia moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na moshi wa petroli ukabaki katika kundi la vitu vinavyoweza kuisababisha.

Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, na uso wake uko karibu zaidi na mdomo wa ekzosi ya pikapu kuliko uso wa mtu mzima. Tazameni asubuhi nje ya shule au chuo. Gari linasimama, injini haizimwi, na watoto wanapita nyuma yake kwenda langoni. Mwenye pumu hana mahali pengine pa kupitia. Mama anayekaanga mahamri pale kando anaivuta hewa hiyo tangu alfajiri hadi saa nne, na hajawahi kupanda gari hilo hata siku moja.

Kuhusu ile gesi isiyoonekana, nawaomba madereva mnisikilize. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyoshikwa nayo haibebi hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Kwa vile dalili ya mwisho ni usingizi, anayelala ndani ya gari huenda asiamke. Usilale kwenye gari lililofungwa vioo huku injini ikinguruma ili upate kipupwe. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa. Gari lenye masizi mengi ndilo lenye gesi hii nyingi, na kama bomba limeoza chini ya kiti, linaileta hadi mlangoni mwako. Ukianza kuumwa kichwa ukiwa safarini na kichwa kikapoa ukishuka, mpeleke fundi gari kabla hujajipeleka kununua dawa.

Najua wengine wanasubiri nitaje sheria, na pengine ndiyo sababu baadhi wamekaa karibu na mlango. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kanuni za ubora wa hewa, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zinasimamiwa na NEMA. Ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA, na magari ya biashara na ya abiria yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Kaunti haina mashine ya ukaguzi niliyoificha kwenye mkoba huu, na sikuja kumwandikia mtu faini.

Lakini nitasema jambo kuhusu ukaguzi. Mafundi wananiambia wapo wanaopangusa mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa usiku wa kuamkia ukaguzi, ukang'aa kama umetoka dukani. Huko ni kumdanganya mkaguzi kwa saa moja na kujidanganya mwenyewe mwaka mzima. Masizi yanarudi kabla hujafika nyumbani, kwa sababu hayakutoka kwenye bomba. Yalitoka kwenye injini.

Na mtaniuliza, je, magari ya serikali? Mgala muue na haki yake umpe. Gari la kaunti likipita hapa likifuka, halina msamaha kwa sababu ya nembo iliyo mlangoni. Chukua nambari yake, mahali na saa, uipeleke kwa ofisi ya Msimamizi wa Wadi. Malalamiko yenye nambari na saa hushughulikiwa kwa urahisi kuliko yale ya kusema magari yenu yanatuua. Nimekuwa mwandishi wa habari, najua thamani ya kuandika saa.

Nimalizie kwa kuwagawia kazi, kila mmoja ya kwake.

Dereva, leo jioni injini ikipoa, pitisha kitambaa cheupe kwenye ekzosi. Ukikipata cheusi, kiweke. Kesho ukipeleka hesabu, kipeleke nacho.

Tajiri, ukiletewa kitambaa hicho usimwambie dereva anatafuta visingizio. Anza na filta, plagi na tundu la bomba. Gharama ya hivyo vitatu linganisha na zile shilingi 4,680.

Fundi, usimuuzie mtu injini kabla hujaangalia filta yake. Na ukiitoa thamostati, mweleze mwenye gari unachokitoa na kitakachofuata.

Wazazi na walimu, waombeni wanaoleta watoto wazime injini wanapongoja langoni. Dakika kumi za kungoja ni dakika kumi za petroli pia, kwa hivyo ombi hilo lina faida pande zote mbili.

Nasi wa kaunti, kazi yetu ni kuendelea kuwaletea habari sahihi na kuyapokea mliyonayo. Mafundi wamekubali kubaki hapa baada ya kikao. Mwenye gari nje na kitambaa mfukoni anaweza kuanza sasa hivi, bora tu injini iwe imepoa.